Mgonjwa haulizwi uji, lakini kisu sharti aulizwe

WAHENGA walinena kuwa mgonjwa haulizwi uji. Anayeonekana dhahiri kuwa na haja hapaswi kusubirishwa kwa maswali. Apewe tu, akishiba atashukuru.

Kwa miaka mingi methali hiyo imekuwa kama sheria isiyoandikwa katika wodi nyingi za hospitali humu nchini. Mgonjwa akishavua nguo zake na kuvaa zile za hospitali, ni kana kwamba amevua na sauti yake. Hudungwa sindano asijue ni ya nini, husukumwa hadi chumba cha upasuaji asijue kinachokwenda kukatwa, na jamaa zake wakiuliza hujibiwa kwa mkato kwamba daktari anajua.

Daktari anajua, ni kweli. Hata hivyo, yaliyotokea mwezi wa Februari 2018 katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, jijini Nairobi, yalidhihirisha kwamba hata katika hospitali kubwa zaidi nchini, ujuzi wa daktari hautoshi ikiwa hatua ndogo za kumkinga mgonjwa zitapuuzwa.

Wanaume wawili walikuwa wamelazwa huko. Mmoja alikuwa na bonge la damu kwenye ubongo na alihitaji kupasuliwa. Mwenzake alikuwa na uvimbe ambao ungetibiwa bila kisu. Vitambulisho vyao vikachanganywa. Madaktari wakafungua fuvu la yule asiyehitaji kupasuliwa, na zilipita saa kadhaa kabla ya kubaini kwamba bonge walilokuwa wakilitafuta halikuwemo.

Aliyekuwa Waziri wa Afya, Bi Sicily Kariuki, alimtuma afisa mkuu wa hospitali hiyo katika likizo ya lazima, na wahudumu kadhaa wakasimamishwa kazi. Baadhi ya madaktari nao walilalamika kwamba mwenzao alikuwa akitwishwa mzigo wa makosa ya mfumo mzima.

Hakuna aliyedai kwamba yeyote alikusudia kumdhuru mgonjwa. Kilichokosekana ni kuthibitisha, kabla ya kisu kugusa ngozi, kwamba aliyelala mezani ndiye aliyetajwa kwenye faili. Mgonjwa mwenyewe, akishapigwa nusukaputi, hana njia ya kujitetea. Ndiyo maana haki zake zimeandikwa, na ndiyo maana yafaa zijulikane kabla ya siku ya kulazwa.

Sheria yasemaje?

Msingi wa haki hizo ni Katiba iliyoidhinishwa mwaka 2010. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinaongeza kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Kifungu cha 28 kinalinda utu wa kila mtu, na cha 31 kinalinda faragha yake. Hakuna pahali palipoandikwa kwamba haki hizo husita mlangoni mwa hospitali.

Mnamo 2013 Wizara ya Afya ilitoa Mkataba wa Kitaifa wa Haki za Wagonjwa, unaoeleza kwa lugha nyepesi yale ambayo mgonjwa anaweza kudai na yale ambayo naye anadaiwa. Miaka minne baadaye, Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya 2017, ambayo iliyapa mengi ya mambo hayo meno ya kisheria.

Sheria hiyo haibagui hospitali ya umma na ya kibinafsi. Inawahusu wote wanaotoa huduma, kuanzia zahanati ya kijijini hadi hospitali ya rufaa.

Dharura haingoji pesa

Haki iliyo bayana kuliko zote ni ile ya matibabu ya dharura. Sheria ya Afya inafafanua kwamba huduma hiyo inajumuisha msaada anaopewa mgonjwa kabla ya kufikishwa hospitalini, kumtuliza hali yake ili maisha yasipotee, na kumpangia uhamisho ikiwa hospitali aliyofikia kwanza haina vifaa au uwezo wa kumhudumia.

Hospitali yenye uwezo wa kutoa huduma hiyo ikikataa inatenda kosa, na ikipatikana na hatia inaweza kutozwa faini isiyozidi Sh3 milioni.

Uzito wa kipengele hicho wanaufahamu wanaokumbuka kisa cha Oktoba 2015. Mtu aliyejeruhiwa katika ajali ya barabarani jijini Nairobi alikaa ndani ya ambulensi kwa takriban saa 18, akizungushwa kutoka hospitali moja hadi nyingine kutafuta kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi. Hatimaye aliaga dunia. Wakati huo Katiba ilikuwa imetimiza miaka mitano.

Fundisho la kisa hicho ni kwamba kauli ya "hatuna kitanda" haimalizi wajibu wa hospitali. Hata pasipo kitanda, mgonjwa wa dharura apaswa kupokelewa, atulizwe, kisha hospitali yenyewe ndiyo imtafutie pa kwenda. Kuwaachia jamaa kazi ya kupiga simu usiku kucha si kutimiza sheria. Vilevile, suala la malipo ya awali halipaswi kutangulia uhai.

Kuelezwa, kuelewa, kuridhia

Haki ya pili ni ya kupewa habari. Mhudumu wa afya anatakiwa kumweleza mgonjwa hali yake, vipimo na njia za matibabu zilizopo, faida zake, hatari zake, gharama zake, na matokeo yanayotarajiwa. Anatakiwa pia kumweleza kwamba ana haki ya kukataa, na yatakayomfika akikataa.

Sheria inaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: maelezo hayo yatolewe, kadiri inavyowezekana, kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa, na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Ajuza wa Kwale au wa Turkana akitiliwa kidole gumba chake kwenye wino na kuambiwa "weka hapa" kwenye karatasi iliyoandikwa Kiingereza cha udaktari, huyo hakuridhia. Alitii tu.

Ridhaa ya kweli ina sehemu tatu: kuelezwa, kuelewa, na kukubali bila kushurutishwa. Saini ni ushahidi wa mambo hayo, wala haiwezi kuwa badala yake.

Hata hivyo, sheria inatambua kwamba zipo nyakati ambapo mgonjwa hawezi kuulizwa. Akiwa amezimia, ridhaa yaweza kutolewa na mtu aliyemwidhinisha kwa maandishi au anayeruhusiwa na sheria. Mahakama pia yaweza kuamuru atibiwe. Isitoshe, daktari anaruhusiwa kuendelea bila ridhaa iwapo kuchelewa kungesababisha kifo au madhara yasiyorekebishika, au iwapo kutomtibu mgonjwa kungehatarisha afya ya umma. Hapo methali ya uji inabaki na nafasi yake.

Mkataba wa 2013 unampa mgonjwa haki nyingine ambayo Wakenya wengi huiona aibu kuidai: kutafuta maoni ya daktari wa pili. Daktari anayejiamini hachukizwi na ombi hilo, hasa pale matibabu yanayopendekezwa yanapohusu kukatwa kiungo au upasuaji mkubwa.

Siri na staha

Habari za ugonjwa ni mali ya mgonjwa. Sheria ya Afya inaagiza zihifadhiwe kwa siri, isipokuwa mgonjwa mwenyewe aruhusu kwa maandishi, mahakama iamuru, au afya ya umma ilazimu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inahesabu habari za afya kuwa miongoni mwa zile nyeti zinazohitaji ulinzi wa ziada. Kwa hivyo muuguzi anayetangaza ugonjwa wa mtu kwa sauti katikati ya wodi, au anayesambaza picha ya jeraha lake kwa simu, anavunja sheria hata kama alikuwa akitania.

Staha nayo imefikishwa kortini. Mnamo Agosti 2013, miezi michache baada ya huduma za kujifungua kutangazwa kuwa bila malipo katika hospitali za umma, mama mmoja alijifungua sakafuni katika hospitali ya umma mjini Bungoma. Badala ya kusaidiwa, alipigwa makofi na kutukanwa na wauguzi.

Machi 2018, Jaji Abida Ali-Aroni wa Mahakama Kuu aliamua kwamba haki za mama huyo zilikiukwa, na akaagiza alipwe fidia ya Sh2.5 milioni. Uamuzi huo uliweka wazi kwamba kutangaza huduma kuwa za bure bila kuziandalia vitanda, dawa na wahudumu hakuiondolei Serikali lawama. Aidha, uliweka wazi kwamba umaskini wa hospitali haumpi yeyote ruhusa ya kumpiga mzazi aliye katika uchungu.

Mikono safi, maswali machache

Ipo haki ambayo haionekani hadi inapokosekana: haki ya kutotoka hospitalini na madhara mapya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mgonjwa mmoja kati ya kila 10 hupata madhara akiwa katika huduma ya afya, na kwamba zaidi ya watu 3 milioni hufariki kila mwaka duniani kwa sababu ya huduma isiyo salama. Takriban nusu ya madhara hayo yanaweza kuzuilika. Kutokana na uzito huo, tangu mwaka 2019 Septemba 17 huadhimishwa kuwa Siku ya Usalama wa Wagonjwa Duniani.

Kinga ya kwanza ni kongwe na rahisi. Mwaka 1847, mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aligundua kwamba akina mama waliozalishwa na madaktari waliotoka kupasua maiti walikuwa wakifa kwa wingi kuliko waliozalishwa na wakunga. Aliwaagiza madaktari hao wanawe mikono kwa maji ya klorini. Vifo ambavyo mwezi Aprili vilikuwa vimefikia takriban 18 kati ya kila akina mama 100 vilishuka hadi karibu wawili kati ya 100 katika miezi michache. Wenzake wengi walimkejeli.

Leo hakuna anayemkejeli, lakini wapo wanaomsahau. Shirika la Afya Duniani linataja nyakati tano ambapo mhudumu anapaswa kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama vile kusafisha kidonda, baada ya kukaribia damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye. Mgonjwa anayemuuliza mhudumu kwa upole iwapo amenawa hajamvunjia heshima.

Kinga ya pili ni orodha ya maswali. Juni 2008 shirika hilo lilizindua orodha ya mambo 19 ya kuthibitishwa katika kila upasuaji, na kuyagawa katika vituo vitatu.

Kabla ya nusukaputi, mgonjwa huulizwa jina lake, anafanyiwa nini na sehemu gani ya mwili, kama ameridhia, na kama kuna dawa inayomdhuru. Kabla ya kukata, kila aliye chumbani hujitambulisha kwa jina na kazi yake, kisha kwa pamoja huthibitisha mgonjwa ni nani na kisu kinaelekea wapi. Kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani, vifaa, sindano na vitambaa vya kufyonzea damu huhesabiwa ili pasiwe na kilichosahaulika ndani ya mwili.

Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani. Baadhi ilikuwa katika miji tajiri kama London, Seattle na Toronto, na mmoja ulikuwa Ifakara, nchini Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kwamba vifo baada ya upasuaji vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo mengine kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakukuwa na mtambo mpya wala dawa mpya. Karatasi moja na dakika chache zilitosha.

Kwenye wodi, kanuni inayofanana na hiyo hutumika katika utoaji wa dawa. Muuguzi hufunzwa kuhakikisha mambo matano: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, kipimo ndicho, njia ndiyo na wakati ndio. Mgonjwa anayeulizwa jina lake kwa mara ya tatu siku hiyo asikasirike. Anayepaswa kumtia wasiwasi ni yule anayemdunga bila kumuuliza.

Kitanda si jela

Pengine hakuna ukiukaji wa haki uliozoeleka zaidi kuliko kumzuilia mgonjwa aliyepona kwa sababu hajalipa ada. Akina mama wamewahi kukaa na vichanga vyao wiki nzima baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, huku deni likiongezeka kila uchao kwa sababu ya kitanda kile kile walichokatazwa kukiacha.

Mnamo Septemba 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kesi ya akina mama wawili waliozuiliwa mwaka 2010 katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa kushindwa kulipa. Jaji aliamua kwamba kuwazuilia kulikiuka haki zao, ukiwemo uhuru na utu wao. Mmoja alitunukiwa fidia ya Sh1.5 milioni na mwenzake Sh500,000.

Mantiki ya uamuzi huo ni nyepesi. Ada ya hospitali ni deni, na deni hudaiwa kwa njia zinazojulikana: mapatano ya kulipa kidogo kidogo, wadhamini, au kesi ya madai. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1972, unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza makubaliano ya kifedha. Hospitali si mahakama, na bawabu wake si askari jela.

Hospitali nazo zina hoja. Dawa hununuliwa, mishahara hulipwa, na deni lisilolipwa na mmoja hubebwa na wengine. Jibu la kudumu limo katika bima. Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya ile hazina ya zamani ya bima ya hospitali, NHIF, na kila mkazi anatakiwa kujisajili. Kujiandikisha wakati mtu angali mzima ni bora kuliko kutafuta wadhamini akiwa langoni.

Mgonjwa naye ana wajibu

Haki hazitembei peke yake. Sheria inamtaka mgonjwa afuate kanuni za hospitali, aeleze ukweli kuhusu afya yake, afuate matibabu aliyokubali na awaheshimu wahudumu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Anayekunywa dawa za mitishamba kwa siri huku akimezeshwa za hospitali anaweza kuidhuru nafsi yake pasipo kosa la daktari.

Wahudumu pia wanalindwa. Wana haki ya kufanya kazi mahali salama, na sheria inawaruhusu kukataa kumhudumia anayewapiga au kuwatusi. Wala haifai kusahau mazingira wanamofanyia kazi. Madaktari waligoma kwa siku 100 kutoka Desemba 2016 hadi Machi 2017, na mwaka huo huo wauguzi wakagoma kwa takriban miezi mitano. Muuguzi mmoja akiachiwa wodi nzima usiku kucha, hata mwenye moyo wa huruma atakosea. Usalama wa mgonjwa huanzia kwenye bajeti.

Mlango wa kubisha

Mgonjwa aliyedhulumiwa hana haja ya kuanza kwa kishindo. Hatua ya kwanza ni muuguzi msimamizi wa wodi, kisha usimamizi wa hospitali. Sheria ya Afya inampa haki ya kulalamika na malalamishi yake kuchunguzwa.

Asiporidhika, malalamishi dhidi ya daktari au hospitali hupelekwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Yanayomhusu muuguzi huenda kwa Baraza la Wauguzi. Na yanayohusu dawa mbovu huenda kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Hospitali ya umma ikipuuza barua, ofisi ya Ombudsman huyashughulikia malalamishi dhidi ya maafisa wa umma. Mahakama ndiyo kimbilio la mwisho.

Muda ni jambo la kuzingatia. Kesi ya kudai fidia kwa uzembe kwa kawaida huwasilishwa ndani ya miaka mitatu, lakini ile inayoelekezwa kwa Serikali hutakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12. Wengi hugundua hilo wakiwa wamechelewa.

Lenye manufaa kuliko yote ni kuweka kumbukumbu: tarehe, saa, majina ya waliohudumu, risiti, na nakala ya muhtasari anaopewa mgonjwa wakati wa kutoka. Jamaa mmoja akipewa kazi hiyo tangu siku ya kulazwa, huwa msaada kwa mgonjwa na kwa daktari pia, kwa maana anayeandika husahihisha mengi kabla hayajaharibika.

Mgonjwa ataendelea kupewa uji bila kuulizwa, na huo ni ukarimu. Lakini dawa, sindano na kisu vina maswali yake, na kila swali linalojibiwa kabla ya matibabu ni moja ambalo jamaa hawatalazimika kuuliza baada ya mazishi.